Saa ya Malambo na saa ya kompyuta: Tarehe mbovu hugeuza bei kuwa hasara

BEI ya ng'ombe mnadani hudumu kwa siku chache tu. Taarifa inayotaja bei bila kuonyesha siku na saa iliyochukuliwa haina faida kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Ile yenye tarehe iliyokosewa ni mbaya zaidi, kwa sababu husomwa kana kwamba ni sahihi.

Jambo hilo linawagusa zaidi wafugaji walio mbali na masoko makubwa. Kata ya Malambo, katika tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha, ni mfano wa wazi. Mfugaji wa huko akiamua kuswaga ng'ombe kwenda mnada wa mbali hupoteza siku njiani, na mifugo hupungua uzito kila siku inayopita. Akifika na kukuta kwamba bei aliyosomewa ilikuwa ya mwezi uliopita, kurudi nyumbani ni gharama nyingine. Mara nyingi huuza kwa bei anayopewa.

Taarifa za bei za siku hizi hupita katika kompyuta kabla ya kumfikia msomaji. Katika miaka ya 2000 mfumo wa LINKS, ulioendeshwa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Texas A&M cha Marekani, ulianza kukusanya bei za mifugo minadani kwa ujumbe mfupi wa simu na kuzihifadhi pamoja. Tangu hapo makarani, madalali na wenye malori wamezoea kutumiana bei kwa simu. Lakini tarehe inayobandikwa juu ya taarifa mara nyingi haiandikwi na mtu. Huandikwa na mashine, na mashine hufuata amri iliyopewa.

Amri yenyewe ni fupi

Katika kompyuta zinazotumia Linux, na katika jamii yote ya mifumo iliyotokana na Unix, kuna dirisha ambalo mtumiaji huandika amri kwa herufi badala ya kubofya picha. Hapo akiandika neno moja, date, na kubonyeza kitufe cha kuingiza, hupata tarehe na saa. Amri hiyo ni ya zamani. Ilikuwamo katika toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971.

Jibu lake huwa kama hili:

Mon Jun  9 14:30:00 EAT 2025

Maana yake ni Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa 8:30 mchana. Herufi EAT ni kifupi cha saa za Afrika Mashariki, ambazo zimetangulia saa za dunia, UTC, kwa saa tatu.

Jibu hilo linatosha kwa anayetaka kutazama saa. Kwa taarifa ya soko halitoshi, kwani siku na mwezi vimeandikwa kwa Kiingereza, mwaka umewekwa mwishoni, na orodha ya taarifa nyingi haiwezi kujipanga yenyewe. Ndiyo maana amri hiyo huruhusu mtumiaji kuchagua mpangilio. Huweka alama ya kujumlisha, kisha alama za asilimia zenye herufi. Zinazotumika zaidi ni hizi:

%d: siku ya mwezi
%m: mwezi kwa tarakimu
%Y: mwaka kwa tarakimu nne
%H: saa, kuanzia 00 hadi 23
%M: dakika
%A: jina la siku
%B: jina la mwezi
%F: mwaka, mwezi na siku kwa pamoja

Hivyo amri date '+%d/%m/%Y' hutoa 09/06/2025, ambao ni mpangilio uliozoeleka Tanzania. Amri date +%F hutoa 2025-06-09. Huu wa pili ndio mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Faida yake kwa mwenye kuhifadhi taarifa ni kwamba majina ya mafaili hujipanga kwa mfuatano wa siku bila kazi ya ziada. Karani anayeandika bei-$(date +%F).csv kama jina la faili hupata faili jipya kila siku, na la mwaka jana haliwezi kuchanganyika na la mwaka huu.

Anayetaka majina ya Kiswahili huongeza lugha mbele ya amri:

LC_TIME=sw_TZ.UTF-8 date '+%A, %d %B %Y'

Ikiwa lugha hiyo imewekwa katika mashine, jibu ni Jumatatu, 09 Juni 2025. Isipokuwamo, mashine hurudi kwenye Kiingereza.

Mitego ya herufi

Makosa mengi hutoka kwenye herufi moja. Herufi ndogo %m ni mwezi na herufi kubwa %M ni dakika. Anayeandika %Y-%M-%d saa 8:30 mchana hupata 2025-30-09, mwezi wa thelathini ambao haupo. Kosa hilo hujulikana upesi. Hatari iko kwenye taarifa iliyotolewa dakika sita baada ya saa kamili, kwa kuwa itaonyesha mwezi wa sita na hakuna atakayeshtuka.

Mtego wa pili ni %D. Wengi huidhani ni njia ya mkato ya kuandika tarehe. Ndivyo ilivyo, lakini kwa desturi ya Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. Tarehe 9 Juni 2025 hutoka 06/09/25, na msomaji wa Karatu au Arusha ataisoma kuwa 6 Septemba. Kuanzia tarehe 13 ya kila mwezi kosa hujifichua, kwani hakuna mwezi wa kumi na tatu. Katika siku kumi na mbili za mwanzo halijifichui.

Mtego wa tatu ni mwaka wenye tarakimu mbili, %y. Dunia ilitumia fedha nyingi kuelekea mwaka 2000 kurekebisha mifumo ambayo haikuweza kutofautisha 1900 na 2000. Hakuna sababu ya kurudia desturi hiyo ili kuokoa tarakimu mbili.

Upo pia mtego wa nambari ya wiki, ambao unawahusu moja kwa moja wanaotoa taarifa za kila wiki. Alama %V hutoa nambari ya wiki kwa kanuni ya kimataifa, ambapo wiki huanza Jumatatu na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Kwa kanuni hiyo, Jumatatu tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa tayari katika wiki ya 1 ya mwaka 2025. Aliyeandika %Y-%V siku hiyo alipata 2024-01, na kama faili la wiki ya tarehe 1 Januari 2024 lilikuwa na jina hilo hilo, liliandikwa juu na kupotea. Njia sahihi ni kutumia %G-%V, kwani %G ni mwaka unaokwenda na wiki hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana la kuangalia zaidi. Alama %u huihesabu Jumatatu kuwa siku ya 1, ilhali jina lake lenyewe linasema ni ya tatu, kwa vile hesabu ya Waswahili huanza Jumamosi. Anayetafsiri nambari ya siku kwa kusikiliza jina atawapeleka watu mnadani Jumamosi badala ya Jumatatu.

Saa sita za tofauti

Hasara kubwa zaidi hutoka kwenye saa. Kwa Kiswahili siku huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Saa 1:00 asubuhi ya Malambo kompyuta huiandika 07:00. Saa 7:00 mchana ni 13:00. Saa 1:00 usiku ni 19:00, na saa 6:00 usiku ni 00:00.

Chukulia mwenye lori anayetuma ujumbe kwamba gari litapakia ng'ombe saa 10:00. Kwa mfugaji hiyo ni saa kumi, na kwa kuwa hakuna apakiaye alfajiri kizani, ataelewa ni saa kumi jioni. Ikiwa ujumbe umetolewa na mashine, 10:00 ni saa nne asubuhi. Lori litafika, litasubiri, litaondoka, na mfugaji atafika na mifugo yake saa sita baadaye. Kibali cha kusafirisha mifugo nacho hutolewa kwa tarehe, na siku ikipita, safari huanza upya kwenye karatasi kabla ya kuanza barabarani.

Dawa ya kwanza haihitaji kompyuta. Ni kuandika neno la wakati kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Dawa ya pili ni kuifanya mashine yenyewe iandike saa za Kiswahili, na njia ni rahisi kuliko inavyodhaniwa.

Saa za Afrika Mashariki ni UTC na tatu mbele. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya hiyo kwa sita. Tatu ukitoa sita ni tatu pungufu, kwa hiyo anayehitaji saa ya Kiswahili aiambie mashine kwamba iko saa tatu nyuma ya UTC:

TZ=SAA+3 date '+saa %-I:%M'

Saa 14:30 ya kompyuta, amri hiyo hujibu saa 8:30. Alama ya kujumlisha hapo huwashangaza wengi, kwani nyuma ingetarajiwa kuwa kutoa. Sababu ni kwamba katika uandishi huu wa zamani wa Unix, kujumlisha humaanisha magharibi ya Greenwich na kutoa humaanisha mashariki. Neno SAA ni jina la kubuni tu. Lolote lenye herufi tatu lingefaa.

Lakini amri hiyo isitumike kutoa tarehe. Kwa mashine iliyodanganywa hivyo, siku mpya huanza saa 12:00 asubuhi ya Malambo, si saa 6:00 usiku. Kwa hiyo tarehe ichukuliwe kwa amri moja na saa kwa amri nyingine, kisha ziunganishwe.

Neno la wakati huongezwa kwa kuangalia saa ya mashine. Kuanzia 04 hadi 05 ni alfajiri, 06 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, na kuanzia 19 hadi 03 ni usiku. Mipaka hiyo hutofautiana kidogo kwa watu, ila hakuna atakayepotea kwa kuifuata.

Hapa kuna kosa moja linalostahili kutajwa peke yake. Wanaoandika amri za kukokotoa saa huchukua %H, wakapata 08 au 09, kisha wakaitoa sita. Mashine hukataa. Nambari inayoanza na sifuri huihesabu kwa msingi wa nane, na katika msingi huo tarakimu 8 na 9 hazipo. Matokeo yake ni amri inayofanya kazi usiku kucha na mchana kutwa, kisha ikaanguka kati ya saa 2:00 na saa 4:00 asubuhi, wakati mnada unachangamka. Kwa kuandika %-H badala ya %H sifuri huondoka, na tatizo nalo huondoka.

Seva isiyojua Malambo

Taarifa nyingi siku hizi hukusanywa kwenye seva zilizoko nje ya nchi, na seva hizo kwa kawaida huwekwa kwenye saa za UTC. Kuanzia saa 6:00 usiku hadi saa 9:00 usiku kwa saa za Tanzania, seva ya namna hiyo bado iko kwenye tarehe ya jana. Karani anayemaliza kuingiza bei za mnada wa Jumatatu na kuzituma saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumanne atakuta zimewekwa tarehe ya Jumatatu. Mwenzake aliyetuma saa 9:30 atawekewa Jumanne. Mnada ni mmoja, tarehe ni mbili, na anayelinganisha bei za siku na siku atadhani soko limebadilika.

Suluhisho ni kutaja eneo wazi:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date '+%F %H:%M'

Jina hilo liandikwe kama lilivyo, pamoja na herufi kubwa na ndogo. Katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta, Dar es Salaam na Nairobi hutumia kanuni moja, hivyo Africa/Nairobi nayo hutoa jibu lile lile. Africa/Arusha haimo. Anayeiandika kwenye Linux hapewi onyo lolote. Mashine hurudi kimya kimya kwenye UTC, na mahali pa EAT huandika neno Africa. Atakayeona neno hilo kwenye taarifa yake ajue kuwa saa imerudi nyuma kwa tatu.

Kwa wanaouza nyama nje, eneo jingine lenye manufaa ni Asia/Muscat. Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja, na nchi zote mbili hazisogezi saa zake kwa majira. Saa 8:00 mchana ya Malambo ni 15:00 Muscat, iwe Januari au Julai. London hubadilika: huwa nyuma ya Tanzania kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma kwa saa moja mwaka mzima.

Kupanga siku za mbele

Amri hiyo hiyo hutumika kupanga ratiba. Kwenye Linux, date -d '7 days' '+%A %F' hutoa siku ya mnada ujao kwa gulio la kila wiki. Kwa kompyuta za Mac amri ni date -v+7d. Anayehamisha amri kutoka mashine moja hadi nyingine aijaribu kwanza.

Wanaotumia Windows wawe waangalifu. Katika dirisha la amri la mfumo huo, neno date peke yake huonyesha tarehe kisha huuliza mpya, na aliye na mamlaka ya mashine akijibu kwa kubahatisha huibadilisha. Kuangalia tu ni date /t na time /t. Desturi hiyo imetoka MS-DOS, ambayo kompyuta zake za kwanza mwaka 1981 hazikuwa na betri ya kutunza saa, hivyo kila zilipowashwa zilimwomba mtumiaji aandike tarehe. Asiyejibu alianza kazi tarehe 1 Januari 1980.

Ugonjwa huo haujaisha. Mashine kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila umeme unapokatika. Kompyuta ya namna hiyo hutoa taarifa ya mpangilio mzuri na ya miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kosa kwenye amri, karani atazame simu yake na kulinganisha.

Wanaoiachia mashine itume taarifa yenyewe kwa saa maalumu, kwa kutumia cron, wakumbuke kwamba humo alama ya asilimia ina maana nyingine na huikata amri katikati. Kila % itanguliwe na mkwaju wa nyuma, iwe \%. Amri iliyofanya kazi kwa mkono na kukataa kwa cron mara nyingi ina tatizo hilo.

Mbele zaidi kuna tarehe nyingine ya kuangaliwa. Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, ambapo kwa Tanzania ilikuwa saa 9:00 usiku, na amri date +%s huonyesha hesabu hiyo. Mashine za zamani zinazotumia nafasi ya biti 32 zitafika mwisho wa hesabu Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde saba kwa saa za Malambo. Zitakazokuwa bado zikifanya kazi zitarudi mwaka 1901. Mashine mpya zimekwisha kupanuliwa. Anayenunua kompyuta kuukuu kwa ajili ya ofisi ya mnada ana sababu ya kuuliza.

Kwa mwenye kutoa taarifa ya bei, kanuni zinazobaki ni chache: tarehe kwa %F, mwaka kwa tarakimu nne, eneo litajwe, na saa iambatane na neno la wakati. Mstari wa juu wa taarifa ya Malambo ungesomeka hivi: Jumatatu, 2025-06-09, saa 8:30 mchana. Mfugaji anayesomewa mstari huo kwenye simu ataweza kuhesabu mwenyewe siku zilizopita tangu bei ichukuliwe, na kuamua kama ng'ombe waanze safari au wabaki malishoni hadi mnada ujao.